Kaka kaliweka mtandaoni gari la marehemu baba

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, mkazi wa Nyakato hapa Mwanza. Nimeolewa, nina watoto wawili na duka la spea za pikipiki. Nakuandikia kwa sababu nyumbani kwetu hatuongei vizuri tangu kaka yangu mkubwa alipolitangaza mtandaoni gari la marehemu baba.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z ya mwaka 1972, ile ya milango miwili, boneti refu na viti viwili tu. Baba alikuwa fundi magari. Alilinunua kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa anahama mji, mimi sijazaliwa. Alilipendea mbio za magari za Safari Rally, zile za Afrika Mashariki. Alitusimulia mara nyingi jinsi 240Z ilivyoshinda mwaka 1971, ikashinda tena mwaka 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta, na jinsi mara hiyo ya pili Mehta na Harry Källström, naye akiwa kwenye Datsun nyingine, walivyolingana pointi za adhabu mpaka ikabidi iangaliwe nani alifika mbali zaidi kabla ya kupata pointi ya kwanza. Sisi watoto tuliijua hadithi hiyo kabla ya kujua hesabu za kujumlisha.

Gari liliharibika nikiwa sekondari, likapandishwa juu ya mawe nyuma ya nyumba. Nilipoanza kushika hela yangu, mimi na baba tukaanza kulifufua. Breki, mipira, plagi, vifaa vya kabureta zote mbili, nilinunua mimi, na vingine niliagiza Uingereza na Japani. Sakafu ya upande wa abiria ilikuwa imeliwa na kutu mpaka unaona ardhi. Tuliikata, tukachomelea bati jipya, baba amelala chini, mimi nimemshikia taa. Siku lilipowaka, baba alizima redio ili aisikie injini vizuri. Akaniambia, "Hili ni lako, mwanangu. Wenzako hawalijui." Tulikuwa wawili tu, hakuna aliyesikia.

Baba alifariki mwaka juzi. Mirathi hatujafungua. Kadi ya gari bado ina jina lake.

Tuko wanne. Kaka yuko Dar. Alisoma mtandaoni kwamba 240Z moja iliuzwa kwenye mnada Marekani kwa dola 310,000, akachanganyikiwa. Alipokuja Pasaka akapiga picha, akatangaza bila kunishirikisha. Kwenye tangazo kaandika kwamba gari hili lilikimbia Safari Rally. Shangazi, huo ni uongo. Baba hajawahi kushindana popote, alikuwa anakwenda kuyatazama tu yakipita.

Mteja kapatikana, anasema yuko Uingereza. Anatoa pauni 16,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 50. Haulizi mengi. Kaomba jina kamili na namba ya akaunti, na anasema atatuma hundi yenye pauni 2,500 za ziada, ambazo sisi tumtumie wakala wake wa usafirishaji ili aje kulichukua gari. Kaka anaona neema imefika. Yupo pia kijana wa hapa hapa mjini anayetoa milioni 14 taslimu, ila anasema wazi kwamba injini ataitoa afunge ya kisasa.

Nikisema libaki, kaka ananijibu mwanamke na gari la mbio wapi na wapi, na kwamba yeye ndiye anayetuma hela ya dawa za mama kila mwezi wakati mimi nalea chuma. Dada yangu wa Sengerema anasema yeye yuko popote penye hela. Mdogo wetu yuko chuo, anasubiri ada. Mama ana kisukari, anahudhuria kliniki Bugando, na anaishi Igoma, hapo hapo gari lilipo. Tukimuuliza anasema, "Fanyeni mnavyoona ninyi."

Nikikubali, najiona nimemsaliti baba. Nikikataa, najiona mchoyo mbele ya mama mgonjwa. Nikinyamaza, naogopa tutaibiwa wote. Kaka anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Nifanyeje?

Mwenye Ufunguo, Nyakato

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kumpoteza baba, na pole kwa ugomvi uliokuja nyuma ya msiba. Barua yako nimeisoma polepole. Unapenda gari, lakini naona unachokipenda zaidi ni zile saa mlizokuwa pamoja chini ya gari hilo, wewe na yeye, na sasa mtu anazitilia bei. Ningekuwa wewe na mimi ningeumia.

Nitaanza na huyo mteja, kwa sababu ndiye mwenye haraka. Sitasema ni mwizi, simjui. Lakini njia anayoitaka ya kulipa naijua, na watu wengi wamelizwa nayo. Hundi ya nje inaweza kuonekana imeingia kwenye akaunti, mkafurahi, mkatoa zile za ziada mkamtumia "wakala", kisha baada ya wiki kadhaa benki ikawaambia hundi imerudi. Hapo wakala hapatikani, na hela mliyotuma ilikuwa yenu wenyewe. Ni ndugu wa damu wa ile meseji ya "tuma kwenye namba hii", ila huyu kavaa suti.

Kuna jambo lingine lililonishtua: haulizi mengi. Mtu anayetaka 240Z kwa moyo wake huuliza maswali ya kuchosha. Atataka picha ya namba ya chasisi, kwa sababu magari hayo yenye usukani kulia yaliyouzwa nje ya Japani namba zao huanza na HS30, na yale ya usukani kushoto, ambayo mengi yalikwenda Marekani, huanza na HLS30. Atataka namba ya injini ailinganishe na kadi. Atawaomba mfunue mazulia aone sakafu, mtoe betri aone bati la chini yake, mpige picha mbavu za chini ya milango na matao ya magurudumu ya nyuma, maana humo ndimo kutu ya gari hilo hupenda kuanzia. Atataka video ya injini ikiwashwa asubuhi ikiwa baridi. Wengine humlipa fundi wa karibu aje apitishe sumaku kwenye bodi, kwa kuwa pasiposhika pana pati, ile lipu ya kuzibia bati, chini ya rangi. Huyu wenu anataka jina na akaunti.

Kwa hiyo kabla hamjafika kwenye kuuza au kutouza, kuna jaribio lisilo na gharama. Mwambieni amlipe wakala wake mwenyewe moja kwa moja, na bei ya gari aitume kwa TT, benki hadi benki. Msikubali picha ya risiti. Mmoja wenu aende tawini, afisa athibitishe kwamba hela imeingia na haiwezi kurudi, ndipo gari litoke Igoma. Mnunuzi mwenye nia njema hapotezi kitu hapo. Akikasirika au akianza kuwakimbiza, mtakuwa mmeshajua. Na kaka yako naye atakuwa amejionea kwa macho yake, bila wewe kuonekana unamwekea kauzibe.

Sasa lile tangazo. Hapa nasimama na wewe bila kusita. Gari ambalo halikushindana lisiandikwe kwamba lilishindana. Wanaonunua magari haya hufuatilia historia yake hadi kwenye orodha za washiriki na picha za wakati huo. Ile 240Z iliyoshinda mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann na Hans Schüller inajulikana ilipo, Nissan wenyewe wameihifadhi kwao Japani. Mnunuzi akigundua uongo mmoja hatauamini ukweli wenu hata mmoja, na akigundua baada ya kulipa anaweza kuwadai. La kusikitisha ni kwamba ukweli wa gari lenu ni mzuri kuliko huo uongo. Gari lililokaa na fundi mmoja wa Mwanza miaka yote hiyo, likafufuliwa na fundi huyo na binti yake, na risiti zipo, wapo watu watakaolithamini kwa hilo. Mwambie kaka hivyo. Usimwambie kwamba ni mwongo, mwambie kwamba ameacha kuandika sehemu iliyo bora.

Na zile dola 310,000 zimemchanganya kweli. Mnada huo ulifanyika Januari 2020 na gari lilikuwa la mwaka 1971, halikutembea sana, lilitunzwa kama yai. Gari lililokatwa sakafu na kuchomelewa, hata kwa ufundi mzuri kiasi gani, haliwezi kusimama bei na hilo. Sisemi lenu ni la bei ya kutupa. Lenye usukani kulia hutafutwa, na Mwingereza kulitaka si ajabu hata kidogo. Ila bei ya haki mtaijua mkitafuta magari yenye hali kama ya kwenu, mkaangalia yaliuzwa kwa kiasi gani. Bei iliyoandikwa kwenye tangazo kila mtu hujiandikia anavyotaka.

Yule kijana wa milioni 14, ubaya wake ni mdogo kuliko unavyomwona. Hela yake mtaihesabu mezani, hamna kontena, hamna safari ya zaidi ya kilomita 1,000 kwenda bandarini Dar, hamna wakala wa forodha. Lakini mjue anachonunua na mnachopoteza. Injini ile ya L24, silinda sita, ikitoka na nyingine ikaingia, thamani ya gari kwa watu wa magari ya kale hushuka sana. Uingereza, kwa mfano, gari lenye zaidi ya miaka 30 likibaki katika hali yake ya asili laweza kuingia kwa VAT ya asilimia 5 badala ya 20, na injini iliyobadilishwa ni sababu mojawapo ya kukosa nafuu hiyo. Kama mtamwuzia yeye, msijidanganye kwamba siku moja mtalinunua tena likiwa lile lile.

Lakini yote hayo, mwanangu, yanakuja baada ya swali ambalo barua yako imelipita haraka. Umeandika kwamba mirathi hamjafungua na kadi ina jina la baba. Basi kwa leo hakuna muuzaji. Si kaka, si wewe. Mali ya marehemu huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na bila barua ya uteuzi huo hamtaweza kubadilisha umiliki wa gari kihalali TRA, wala kulitoa nchini kwa amani. Mkimwuzia mtu kwa kupeana mikono tu, mtamwachia yeye tatizo, na ninyi mtabaki na ndugu anayeweza kwenda kushtaki. Itisheni kikao cha ukoo, mwandike muhtasari, mpendekeze msimamizi, mwende mahakamani. Kaka anaweza kulalamika kwamba mwisho wa mwezi utapita. Na upite. Tarehe hiyo kaiweka mtu ambaye hamjawahi hata kumwona.

Hapo ndipo linapokuja lile neno la baba, "hili ni lako". Sitaki kulichezea, najua umelibeba. Nakuomba tu ulitazame kwa utulivu. Kisheria, wosia wa mdomo unahitaji mashahidi, na wewe umesema hakuna aliyesikia. Zawadi aliyoitoa mtu akiwa hai nayo inaweza kudaiwa, lakini itabidi uithibitishe, na jina kwenye kadi halikubadilishwa. Mwanasheria akuambie kwa undani, na hapo Mwanza huduma za msaada wa kisheria zipo kama ada ni nzito. Mbali na sheria, jiulize baba alikuwa anakupa nini siku ile. Inawezekana ni gari zima, wenzako wasiliguse. Inawezekana pia alikuwa anakukabidhi kazi: kwamba wewe ndiye unayelijua, wewe ndiye utakayejua la kufanya nalo. Mtu aliyekabidhiwa kazi hiyo anaweza hata kuliuza akawa hajamsaliti aliyemkabidhi. Mimi sikuwepo. Wewe ulikuwepo, uliiona sura yake.

Lisilo na ubishi ni hela yako. Kusanya risiti zote, meseji za malipo, karatasi za mizigo ulizopokea. Ziorodheshe, uzipeleke kwenye kikao. Ikiwa gari litauzwa, una haki ya kuomba kwamba kwanza urudishiwe ulichoweka, ndipo kinachobaki kigawanywe. Ikiwa utataka kulibakiza, orodha hiyo hiyo ni hoja yako ya kupunguziwa unapowalipa wenzako sehemu zao. Maana hiyo nayo ni njia: likadiriwe, nawe uwalipe kidogo kidogo kwa maandishi. Ila mumeo ajue, na uangalie duka litastahimili kiasi gani. Sitapenda ulilipie gari la baba kwa ada za wanao.

Nakuuliza na hili bila ubaya: likibaki, litakaa wapi na nani atalihudumia? Gari la kale likisimama linaoza. Unyevu wa ziwa unalila, petroli inachacha kwenye kabureta, breki zinagoma. Wapo watakaokushauri ulikodishe kwenye harusi. Ni wazo, lakini hilo lina viti viwili. Akikaa dereva na bibi harusi, bwana harusi atapanda jingine. Labda kwa picha na maonyesho. Piga hesabu yake kwa penseli kwanza, usiipige kwa hamu.

Nije kwa kaka yako. Ile kauli ya mwanamke na gari la mbio ni ya kukosea, na una haki ya kumwambia hivyo mbele ya wazee. Mikono yako ilikuwepo sakafu ile ilipochomelewa. Lakini isome tena barua yako. Umesema yeye hutuma hela ya dawa za mama kila mwezi, ukaendelea na mengine. Kisukari hakina likizo, mwanangu. Vipimo, dawa, nauli za kliniki, chakula chake, mzigo huo hauishi, na inawezekana kaka amechoka na hajui namna ya kusema amechoka isipokuwa kwa kufoka na kupiga picha gari. Umewahi kumuuliza anatuma kiasi gani? Ninyi wengine mnatoa nini? Kama mkikubaliana kwamba dawa za mama ni za wote wanne, kila mmoja kwa uwezo wake, huenda haraka ya kuuza ikapungua. Na kama isipopungua, utakuwa umejua kwamba tatizo lake ni jingine, labda deni ambalo hajalitaja.

Mama naye. Kila mmoja wenu anamsemea: kaka anasema mama anahitaji hela, wewe unaogopa kumnyima. Yeye kasema fanyeni mnavyoona. Mzazi akisema hivyo mbele ya watoto wanaogombana, mara nyingi anakwepa kumchagua mmoja. Na msisahau kwamba yeye ni mjane, ana fungu lake kwenye mirathi hiyo, kwa hiyo haombwi ruhusa kwa heshima tu. Nenda Igoma peke yako siku ambayo hakuna mgeni. Usimuulize "tuuze au tusiuze". Muulize akiamka akakuta pale pako wazi atajisikiaje. Muulize hela ikipatikana angependa ifanye nini cha kwanza. Yawezekana analipenda lile gari kuliko wewe. Yawezekana pia amechoka kuishi nalo, na watu wasiomhusu kuingia uani kwake kulichungulia. Sote wawili hatujui, na wewe ndiye mwenye nauli ya kwenda kujua.

Kwa wiki hii, basi, mpigie kaka simu kabla hajajibu barua pepe nyingine ya huyo mteja. Usianze na gari. Anza na dawa za mama, umuulize mwezi huu imebaki kiasi gani. Kisha mwombe mambo mawili: aiondoe sentensi ya Safari Rally kwenye tangazo, na asitoe namba ya akaunti kwa mtu yeyote mpaka mkae kikao. Akikubali hata moja, mmepata pa kuanzia. Ukishatoka kwa mama, niandikie amesema nini, hapo ndipo mimi na wewe tutaweza kuzungumza habari ya bei.

Shangazi yako